Walioandika Ukutani: Mafunzo Niliyopata Katika Kanisa la Ashwell

Mnara wa kanisa la Mtakatifu Maria, Ashwell, huonekana muda mrefu kabla ya kijiji chenyewe. Treni inayotoka London King's Cross kwenda Cambridge hukushusha mbali kidogo, na kutoka hapo ni mwendo wa zaidi ya nusu saa kwa miguu kati ya mashamba ya ngano. Njia nzima mnara uko mbele yako, mweupe, wa takriban meta 54, wenye ncha nyembamba iliyovikwa risasi juu kabisa. Kijiji ni kidogo. Mtu hujiuliza wakulima wa karne ya 14 walipata wapi nguvu ya kuinua kitu kama hicho.

Mimi nimelelewa Muheza, nchini Tanzania, jirani na Magila, ambako kanisa la mawe la wamisionari wa UMCA (Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati) ndilo lililokuwa jengo la kale kuliko yote tuliyoyajua. Kazi ilinipeleka Uingereza, nikawa nasali Ashwell, na baadaye nikajiunga na wanaojitolea kufungua mlango na kuwatembeza wageni. Ndipo nilipoanza kusoma majengo haya ya vijijini, hili kwanza, kisha mengine. Haya ndiyo yaliyonikaa moyoni.

1. Gusa jiwe kabla ya kufungua kitabu

Ashwell imejengwa kwa jiwe la chaki, liitwalo clunch na watu wa huko, lililochimbwa papo hapo kijijini. Linachongeka kama sabuni ya mche. Kwa mwashi wa zamani hiyo ilikuwa neema, kwa kuwa jiwe lilikuwa karibu, halikuhitaji kusafirishwa kwa mashua kutoka mbali, na patasi ililikata bila taabu. Ndiyo sababu kijiji cha wakulima kiliweza kuota mnara mrefu namna ile.

Lakini jiwe hilohilo halina ubavu mbele ya baridi. Maji ya mvua huingia kwenye vitundu vyake, usiku yakaganda, yakavimba, na asubuhi ganda la jiwe likabanduka. Nje ya kanisa utaona viraka vya kila zama, kwa maana hakuna kizazi kilichoachwa kipumzike. Ndani ni habari nyingine. Kule mvua haikufika, na uso wa jiwe umebaki kama waashi walivyouacha. Ulaini uleule uliomrahisishia mwashi kazi ulimrahisishia pia kila aliyeingia na kisu kidogo au msumari mfukoni.

2. Waandishi wa historia si wafalme peke yao

Chini ya mnara, kwenye ukuta wa kaskazini, kuna mistari ya Kilatini iliyokwaruzwa kwenye jiwe. Mchana, taa zikiwa zimewashwa, unaweza kuipita kabisa usiione. Tuna utaratibu wetu kwa wageni: tunazima taa, kisha mmoja wetu analaza tochi karibu sambamba na ukuta, mwanga ukipita juu ya jiwe kutoka ubavuni. Hapo kila mkwaruzo unatupa kivuli chake na herufi zinainuka. Nimeona watu wazima wakishika vinywa vyao.

Maandishi yanautaja mwaka 1350, na kuueleza kuwa mwaka wa kusikitisha, mkali, wenye kutikisa. Yanasema kwamba walioachwa kushuhudia ni mabaki tu ya watu. Kisha yanataja upepo mkuu uliovuma siku ya Mtakatifu Maurus, mwaka 1361.

Tauni Kuu iliingia Uingereza mwaka 1348, kwa bahari, kupitia bandari ya Melcombe huko Dorset. Katika muda wa miaka miwili iliondoka na watu wanaokadiriwa kuwa kati ya theluthi na nusu ya wakazi wote wa nchi. Tazama maana yake kwa kijiji: mwashi aliyejua vipimo vya upinde, mkewe aliyempikia, kasisi aliyewazika, wote katika msimu mmoja. Ujenzi wa Ashwell ulikuwa unaendelea. Mnara huu, tunaousifu kwa urefu, uliinuliwa na watu waliokuwa wakizika jamaa zao, na waliomalizia si wale walioanza.

Mwaka 1361 tauni ilirudi, na safari hii iliwakumba watoto wengi waliozaliwa baada ya ile ya kwanza. Halafu ukaja upepo. Siku ya Mtakatifu Maurus ni tarehe 15 Januari, na kwa kuwa Waingereza wa wakati ule walianza mwaka mpya tarehe 25 Machi, Januari waliyoihesabu kuwa ya 1361 kwetu ni ya 1362. Ni dhoruba ileile iliyoangusha ncha ya kanisa kuu la Norwich. Aliyekuwa Ashwell akakwaruza habari zake pale pale zilipokuwa zile za tauni.

Hakuweka jina. Alijua Kilatini, kwa hiyo huenda alikuwa kasisi au karani wa kanisa, na alijihesabu yeye mwenyewe kuwa mmoja wa mabaki. Nyaraka za serikali za miaka ile zinajaa kodi zisizolipwa na mashamba yasiyo na wapangaji. Hizo zinahitajika pia. Lakini ukitaka kujua ilikuwaje kubaki hai, nenda ukasimame mbele ya ukuta huu.

Si maandishi hayo tu. Kuna mchoro wa kanisa kubwa lenye ncha ndefu, unaodhaniwa kuwa kanisa kuu la Mtakatifu Paulo la London kabla ya moto wa 1666. Mahali pengine kuna mtu, kwa dhahiri mjuzi wa ujenzi, aliyeandika kwamba pembe hazikuunganishwa sawasawa na kwamba anazitemea mate. Watoto wa shule hulipenda hilo kuliko yote, na mimi pia, kwa sababu humo nasikia hasira ya fundi anayeona kazi ya mwenzake imelipuliwa. Ni sauti ninayoijua kutoka kila jengo linalojengwa Muheza.

Hapo ndipo nilipokumbuka majahazi. Kwenye lipu za majumba na misikiti ya kale ya Pwani, Kilwa na Gedi, kuna michoro ya vyombo vya baharini iliyokwaruzwa na mikono isiyojulikana: milingoti, matanga, kamba, vyote kwa usahihi wa mtu aliyesafiri. Wengi wetu tumeipita bila kuiona. Peleka tochi, uilaze ubavuni mwa ukuta, na usiguse kwa kidole.

3. Uliza nani alilipa

Kanisa la kijiji la Kiingereza, tangu zama za kati, lina wenyewe wawili. Upande wa mashariki, penye madhabahu, ulikuwa mzigo wa mwenye haki ya kupokea zaka kuu: kasisi mkuu wa mtaa, au mara nyingi nyumba ya watawa iliyokuwa mbali kabisa. Upande wa magharibi, wanakosimama waumini, pamoja na mnara, ulikuwa mzigo wa wanakijiji. Ukijua hilo, jengo linaanza kueleweka. Mara nyingi unakuta sehemu ya watu ni pana, yenye madirisha makubwa na mnara wa fahari, wakati sehemu ya madhabahu ni ya kiasi tu, kwani watawa waliona hakuna haja ya kutoa zaidi ya lazima.

Sheria hiyo haijafa. Mwaka 2003 Baraza la Malodi, mahakama ya juu kabisa ya Uingereza wakati huo, liliamua kwamba wenye shamba fulani karibu na Aston Cantlow, Warwickshire, walipaswa kugharamia ukarabati wa sehemu ya madhabahu ya kanisa la kijiji, kwa sababu deni hilo lilifungamana na ardhi tangu zamani. Watu waliouza na kununua mashamba kote nchini walishtuka.

Lakini wanakijiji wa kawaida walipataje fedha? Jibu zuri kuliko yote niliyoyasoma linatoka Morebath, kijiji kidogo cha Devon, chenye familia thelathini na kitu tu. Padre wao, Christopher Trychay, alikaa hapo kuanzia 1520 hadi 1574, na miaka yote hiyo aliandika hesabu za kanisa kwa mkono wake, kisha akawasomea waumini kwa sauti. Mwanahistoria Eamon Duffy alizitolea kitabu mwaka 2001. Kanisa lilikuwa na kondoo wake, waliotawanywa kwenye mazizi ya waumini, mmoja hapa, wawili kule, na sufu ikauzwa kwa faida ya kanisa. Walipika pombe na kuiuza siku za sikukuu, fedha zikaingia kwenye sanduku. Vijana walikuwa na mfuko wao, na wasichana wao.

Trychay alidunduliza kwa miaka mingi ili kanisa lipate mavazi meusi ya ibada za maziko. Yalipatikana mwaka 1547, mwaka ambao serikali ya mfalme mpya, Edward VI, ilianza kuzifuta ibada hizo. Miaka miwili baadaye Devon ikaasi kwa kukipinga kitabu kipya cha sala, na hesabu za Morebath zinaonyesha kijiji kikiwagharamia vijana wake watano waende kambini kwa waasi. Nakumbuka nilikiweka kitabu chini hapo, nikatoka nje kidogo. Ni daftari la mapato na matumizi tu, na ndani yake mna kijiji kizima.

Mtu aliyewahi kukaa kamati ya ujenzi wa kanisa au msikiti kwetu, akahesabu mifuko ya mahindi ya mavuno na michango ya harusi, atamwelewa Trychay bila mkalimani.

4. Chokaa ilificha, na kwa kuficha ikatunza

Weupe wa ndani ya makanisa haya huwadanganya wageni. Wanaona kuta tupu na kudhani ndivyo zilivyokuwa. La hasha. Katika zama za kati kuta zilijaa rangi: Mtakatifu Kristofa akimvusha Mtoto mtoni, mara nyingi mkabala na mlango ili apitaye amwone, Siku ya Hukumu juu ya upinde, mashahidi na mateso yao. Watu wengi hawakujua kusoma, na hata hivyo walizijua habari hizo kwa picha na kwa mahubiri.

Kuanzia 1547 amri zilitoka kuondoa picha na sanamu. Zilizochorwa zikapakwa chokaa, zilizochongwa zikavunjwa au kuuzwa. Karne iliyofuata, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, William Dowsing alizunguka Cambridgeshire na Suffolk mwaka 1643 na 1644 akiwa na idhini ya kuharibu kilichosalia, na akaandika daftari: kanisa hili vioo kadhaa, lile sanamu kadhaa. Ni vigumu kulisoma bila uchungu. Wala siwezi kuwasema wote walioshika brashi za chokaa kuwa wabaya, maana wengi walikuwa wanakijiji walewale waliotii amri kwa shingo upande, wakijua kabisa nani alizilipia picha zile.

Na chokaa ikawa pazia. Huko Chaldon, Surrey, mchoro wa takriban mwaka 1200 unaoonyesha roho zikipanda na kuporomoka kwenye ngazi ulikaa chini ya weupe hadi karne ya 19. Huko Pickering, Yorkshire, picha za karne ya 15 zilifunuliwa mwaka 1852, kasisi wa wakati ule akaona zinawaondoa waumini kwenye ibada, akaamuru zipakwe tena. Zilifunuliwa mara ya pili baadaye, na sasa ni hazina inayowaleta watu kutoka mbali. Tangu nijue hayo, nikiona fundi anakwangua lipu ya jengo la kale hadi kwenye jiwe ili lionekane la kale zaidi, moyo unanidunda.

5. Daftari la ubatizo ni hazina

Mwaka 1538 Thomas Cromwell, waziri wa Mfalme Henry VIII, aliagiza kila mtaa wa kanisa uandike ubatizo, ndoa na maziko. Tangu hapo mtu asiye na ardhi wala cheo akapata mistari mitatu ya maisha yake. Kabla ya hapo, kwa wengi, hakuna kitu.

Nyaraka za aina hii, pamoja na zile za mirathi zilizosimamiwa na mahakama za kanisa, ndizo zilizowatoa gizani Waafrika walioishi Uingereza enzi hizo. Mwanahistoria Miranda Kaufmann ameandika kitabu juu yao, na mmoja anayenikaa akilini ni Cattelena, mwanamke Mwafrika asiyeolewa, aliyeishi katika kijiji cha Almondsbury, Gloucestershire. Alipofariki mwaka 1625 mali yake iliorodheshwa: matandiko, vyungu, nguo, na ng'ombe mmoja, aliyekuwa na thamani kuliko vingine vyote. Ng'ombe huyo alimpa maziwa ya kunywa na ya kuuza. Mwanamke mmoja, mbali na kwao, akijitegemea kijijini miaka 400 iliyopita. Kama orodha ile ingetupwa, leo tusingejua kwamba aliwahi kuishi.

6. Saruji ni adui anayekuja kama rafiki

Hili nililifahamu kutoka kwa waashi wanaokarabati. Ukuta wa kale unapumua: unyevu huingia na kutoka kupitia lipu na viungo vya chokaa. Ukiziba viungo kwa saruji, unyevu unakosa njia, unatafuta kutokea kwenye jiwe, na jiwe laini ndilo linalopasuka. Viraka vya saruji vya karne ya 20 vimeharibu makanisa mengi kwa nia njema kabisa. William Morris alianzisha chama cha kulinda majengo ya kale mwaka 1877 akipinga wakarabati waliobomoa ili kujenga "ukale" uliokamilika kuliko ule wa kweli, na ushauri wake wa kutunza kila siku badala ya kujenga upya ungali ndio bora.

Kwetu somo ni lilelile, kwa sababu majumba na misikiti ya Pwani yamejengwa kwa matumbawe na chokaa iliyochomwa kutoka kwa matumbawe hayohayo. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, yaliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1981, yalikaa kwenye orodha ya yaliyo hatarini kuanzia 2004 hadi 2014. Msikiti wa Kizimkazi, Unguja, una maandishi ya Kikufi yanayotaja mwaka unaolingana na 1107, yaani kabla mnara wa Ashwell haujafikiriwa, na watu bado wanasali humo. Atakayekwenda kuziba ufa huko na aende na chokaa.

7. Padre wa kijiji kimoja cha Lincolnshire aliandika kuhusu Kiswahili

Nilikwenda Little Steeping kwa sababu ya mtu mmoja. Ni kijiji cha tambarare ya Lincolnshire, si mbali na bahari, na kanisa lake la Mtakatifu Andrea ni la karne ya 14, limejengwa kwa jiwe la kienyeji lenye rangi ya kijani, laini na lenye kuliwa na hewa, na kutiwa viraka vya matofali. Hakuna mnara wa kushangaza. Wageni ni wachache.

Edward Steere alikuwa kasisi hapo. Mwaka 1863 aliacha mtaa wake akamfuata rafiki yake William Tozer, aliyekuwa kasisi wa Burgh-le-Marsh jirani, na ambaye sasa alikuwa ameteuliwa askofu wa UMCA, misheni iliyozaliwa kutokana na hotuba ya David Livingstone pale Cambridge mwaka 1857. Walijaribu kwanza upande wa mto Shire, kisha mwaka 1864 wakahamia Unguja. Steere akaanza kujifunza Kiswahili kwa wenyewe, akasikiliza hadithi zao, akaziandika, akafungua kiwanda cha kupiga chapa. Mwaka 1868 alirudi Little Steeping, na alikuwa bado padre wa kijiji hicho mwaka 1870 vilipotoka vitabu vyake viwili, mwongozo wa lugha ya Kiswahili na mkusanyo wa hadithi za Waswahili wa Unguja.

Fikiria hilo. Ngeli zetu, vitenzi vyetu, hadithi za sungura na masultani, zilipangwa na kusahihishwa na mtu ambaye Jumapili alikuwa akihubiria wakulima wa kondoo na ngano katika kanisa la jiwe la kijani. Mwaka 1872 akaenda tena Unguja. Mwaka uliofuata soko la watumwa la Mkunazini likafungwa, na siku ya Krismasi ya 1873 likawekwa jiwe la msingi la kanisa kuu mahali pale pale. Mwaka 1874 akawa askofu. Alifariki Agosti 1882, akazikwa nyuma ya madhabahu ya kanisa hilo.

Nilikwenda na shangazi yangu, aliyekuwa amekuja kututembelea kutoka Magila. Alivaa koti zito juu ya kitenge, akapita polepole hadi mbele, akasimama.

"Mwanangu, hapa ndipo alipokuwa akisalisha?"

"Ndiyo, shangazi, hapa."

"Na wale waliomfundisha maneno, majina yao yako wapi?"

Swali hilo silijibu kwa wepesi. Steere alikiri kwamba hadithi zile zilisimuliwa na Waunguja, na alifanya kazi nao kwa miaka. Lakini ukuta wa Little Steeping ni ukuta wa kwao. Hauwezi kubeba majina ya kwetu. Hiyo kazi ni ya Mkunazini, na ya vijiji kama Magila, na ya kila mtu ambaye babu yake alikuwa miongoni mwa wanafunzi, wapiga chapa na walimu wa kwanza.

Kuna kitu kimoja zaidi ndani ya kanisa lile. Ni sanamu ya jiwe ya kasisi wa karne ya 14, aliyelitumikia kanisa hilo enzi za tauni ileile. Kwa muda mrefu ilikuwa imelazwa kifudifudi, ikitumika kama ngazi, hadi ukarabati wa 1912 ulipoigeuza. Steere mwenyewe, kila alipokwenda madhabahuni, huenda alikuwa akimkanyaga mgongoni mtangulizi wake.

8. Anayelinda urithi ni anayesafisha mifereji

Kanisa la Uingereza lina majengo karibu 16,000 ya ibada, na zaidi ya 12,000 yamo kwenye orodha ya majengo yanayolindwa kisheria. Wageni wengi hudhani serikali au makao makuu ya kanisa ndiyo yanayolipa. Kwa sehemu kubwa mlipaji ni kundi la waumini wa mahali hapo, na kijijini kundi hilo mara nyingi ni wazee wachache. Kwa mabadiliko mengi, hata kuondoa benchi, wanahitaji kibali cha dayosisi. Wezi huja usiku kung'oa risasi za paa na kuziuza kwa uzito. Popo wamelindwa na sheria hawafukuzwi, na mkojo wao unaharibu mbao na nguo za madhabahu.

Msimu wa majani kupukutika, mwanamke mmoja wa kanisa letu, mwenye umri wa kuwa bibi yangu, alikuwa akija na ndoo na koleo dogo la bustani. Mifereji ya chini aliisafisha mwenyewe, ya juu aliwasimamia vijana. Alinieleza kwamba mfereji mmoja ukiziba, maji yanashuka ukutani, baridi inayakuta humo, na mwaka unaofuata mnatafuta maelfu ya pauni za kubadilisha mawe. Alinionyesha majani aliyoyazoa: yameoza, meusi, mazito kama tope, na katikati yake kipande cheupe cha jiwe la chaki kilichokwisha kubanduka. Alikifuta kwa kidole, akakitia mfukoni mwa aproni ili kionyeshwe kwa msanifu majengo.

Kanisa likishindwa kabisa, kuna wanaolipokea. Chama cha marafiki wa makanisa yasiyo na marafiki kilianzishwa mwaka 1957, na mfuko wa taifa wa kuyahifadhi makanisa yaliyoachwa, ulioundwa mwaka 1969, unasimamia zaidi ya 350. Hayo ni mema. Hata hivyo jengo lililokabidhiwa kwa mfuko ni tofauti na jengo ambalo mtu wa kijijini anajua mlango wake unakwama upande gani. Ashwell yenyewe ina jumba dogo la makumbusho lililofunguliwa mwaka 1930, na mkusanyo wake ulianzishwa na wavulana wawili wa shule waliokuwa wakiokota vitu vya zamani. Hakuna aliyewaagiza.

Nimemwandikia katibu wa kanisa letu nyumbani. Nimeomba mambo matatu. Vitabu vya ubatizo na maziko vipigwe picha ukurasa kwa ukurasa kabla ya masika, kwa sababu kabati lao liko chini ya bati linalovuja. Wazee waulizwe, wakiwa bado nasi, ni nani walibeba mawe, nani walichoma chokaa, nani walitoa mbao za paa, na majibu yaandikwe pamoja na majina ya wanawake waliopika. Na fundi atakayekuja kuziba nyufa za ukuta wa kaskazini aambiwe aje bila saruji. Katibu amejibu kwamba la kwanza wameanza, kijana mmoja wa kwaya ana simu nzuri. La pili anasubiri mavuno yaishe, wazee wapate nafasi. La tatu, anasema, fundi amebisha, na kamati itakaa Jumapili.